Ndege niliyemlea mwenyewe, nikimwachia akaliwa na mwewe nina dhambi?

SWALI: Asalaam aleykum shekhe. Niko Hombolo, Dodoma. Mwezi wa 6 upepo ulivunja tawi la mbuyu, kijana wangu wa miaka 8 akaokota kinda la vile vikasuku vya kijani vyenye shingo ya njano, wenzie walikuwa wameshakufa. Tumemlea kwa uji wa uwele na bomba la sindano, sasa anaruka sebuleni anatua mabegani. Mama mkwe anasema tumwachie Ijumaa magharibi aondoke na mikosi ya nyumba. Kijana analia. Nikimfungia ni dhambi? Nikimwachia mwewe akamla je?

JIBU: Waaleykum salaam warahmatullah dada yangu. Nianze na hiyo mikosi maana ndo imenishtua kuliko mwewe. Ndege habebi nuksi ya mtu, hiyo ni tiyara, imani ya nuksi ya kijahiliya kabla ya Uislamu, na hilo jina lenyewe limetoka kwenye neno la Kiarabu la ndege, Mtume (s.a.w.) akaikataza. Ila mwambie mama kwa adabu, mpe chai kwanza, usianze na "shekhe kasema".

Kumfuga si dhambi. Swahaba Anas bin Malik alikuwa na mdogo wake, Abu Umayr, ana kindege chake anachezea, na kilipokufa Mtume akamkuta mtoto kanuna akamuuliza kwa utani kile kindege kimekuwaje, anamliwaza. Ingekuwa haramu angemkataza tangu mwanzo.

Dhambi iko kwenye hadithi ya yule mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka, na wengi wetu tunaisikia nusu. Alimfungia, hakumlisha, wala hakumwacha akajitafutie wadudu wa ardhini. Sasa ndege asiyejua kujitafutia ukimfungulia dirisha umemfanyia nini? Umembadilishia jela tu, njaa ni ile ile. Mimi mwenyewe utotoni nililea tetere, siku ya Idi nikamrusha juu wenzangu wanapiga takbira, nikajiona mwema kwelikweli, kesho yake namkuta kajikunyata juu ya bati la jirani anasubiri mkono wangu, punje hajui kuokota, mchana paka akamaliza kazi. Yale manyoya chini ya ukuta siyasahau.

Mafakihi wetu wa Kishafii, wanazuoni wa sheria, nao hawakulichukulia jepesi, kuna waliokataza kumwachia mnyama uliyemmiliki wakihofia kufanana na saiba, wale wanyama wa kuachiwa kwa ajili ya masanamu waliotajwa kwenye Kurani, sura ya Al-Maida aya ya 103. Wewe lakini hukumwinda, ulimwokoa, na nia yako ni kumrudisha kwa wenzie, kwa hiyo sioni tatizo. Siku ya kumwachia tamka tu kwamba umemhalalisha kwa atakayemkamata, yeyote atakayempata asiingie kwenye mali ya mtu. Na mwewe akimla baada ya wewe kufanya sehemu yako, huna dhambi, mwewe naye ana riziki yake.

Hiyo sehemu yako ndo kazi. Acha bomba, mning'inizie suke zima la mtama ndani ya tundu uangalie: akimenya punje mwenyewe mpaka makapi yanadondoka, hapo kaanza kuiva. Mtoe mabegani kidogokidogo, sebuleni asirudi. Tundu likae nje, sehemu ambayo wenzie hupita au hushuka kunywa maji, maana hawa wanaishi kwa makundi na aliyelelewa peke yake anajiona mtu. Hiyo magharibi achana nayo, giza linaingia hajui atalala wapi, fungua asubuhi jua likishatoka, tundu libaki wazi na maji na mtama kwa wiki kadhaa. Na huku kwetu kuanzia mwezi wa 9 mpaka mvua zishike porini ni pakavu kabisa, kama bado anayumba msubirishe mpaka majani yazae mbegu.

Halafu kuna sheria, ile ya wanyamapori ya 2009, ndege wa porini hafugwi bila kibali, kwa hiyo mpitie afisa wanyamapori wa wilaya umweleze ulivyompata, anaweza hata kukuonyesha pa kumwachia.

Kijana mwache alie, usimcheke. Mtama wa kwenye tundu aweke yeye kila asubuhi, hata ndege asipokuja.

Wallahu aalam.