Fangle ilikotoka

Mwanangu,

Umeuliza maana ya neno la Kiingereza fangle, na kama msimamizi wako atakukubalia kuliandika kwenye tasnifu. Maana ni nyepesi: kitu kipya cha kupendeza macho, kisicho na uzito. Bora nikueleze lilivyozaliwa, maana hapo ndipo wengi wanapopotea.

Wengi hukimbilia fang, jino la nyoka. Sivyo. Fang yenyewe ilikuwa mateka, kitu kilichonaswa, kabla ya kuwa jino katika karne ya 16. Shina ni kitenzi cha Kiingereza cha kale, fon, kushika. Wajerumani hadi leo husema fangen. Nakuambia tangu uko sekondari: neno lipasue kuanzia mkiani. Mkia hapa ni -el, zamani -ol, ambao hugeuza tendo kuwa tabia. Forgitol alikuwa msahaulifu, nasi tunafanya vilevile na sahau. Basi newefangel ya Chaucer, mshairi wa Kiingereza aliyefariki 1400, ni mwepesi wa kudaka kila kipya. Kwake ni ndege wa kufugwa: analishwa sukari, asali, mkate na maziwa, lakini mlango wa tundu ukiinuliwa tu anapiga kikombe teke na kwenda msituni kula minyoo. Hapo neno lilitaja tabia, halikutaja kitu!

Baadaye watu wakaacha kuusikia ule mkia, wakabandika -ed: newfangled. Karne ya 16 wengine wakakata pasipo kiungo, new huku, fangle kule, na fangle likawa kitu.

Yule mwalimu mwenzangu, aliyekula Idi kwetu, alisema mbele ya ofisi nzima kwamba neno la makosa si neno. Nikamwuliza, na vitabu je? Waarabu wana kitab, ile ki ni ya shina lao. Sisi tukaisikia kama ki ya kiti, tukajipatia wingi. Akajishughulisha na chai yake. Hadi leo nikikumbuka nacheka peke yangu.

Ila, tuseme haki, vitabu viko midomoni mwa kila mtu, fangle haiko. Lakini Shakespeare naye, kwenye tamthilia yake Cymbeline, aliandika fangled bila new, kwa dunia inayopenda mavazi kuliko mvaaji. Kwa hiyo… hapana, amua na msimamizi wako. Ningekuwa mimi ningeandika newfangled, na fangle ningeiweka tanbihi, lakini hukuniuliza hilo.

Mama anakusalimu.

Baba yako