“Kujitoa mhanga” na “wahanga wa bomu”

Swali: Katika taarifa ya habari nilisikia kwamba “mshambuliaji wa kujitoa mhanga” aliua watu sokoni, na punde waliouawa wakaitwa “wahanga wa shambulio”. Inakuwaje muuaji na waliouawa wagawane neno moja? (Msomaji, Tanga)

Jibu: Tofauti yote imo katika kiambishi -ji-. Mhanga ni kile kinachotolewa kafara (yule mnyama mchimbua vichuguu tumwache kando), na anayetolewa kafara haulizwi. Kwa hiyo “wahanga wa bomu” si kosa kubwa kama baadhi ya walimu wanavyodai, kwa kuwa aliyekwenda sokoni kununua nyanya hakuulizwa naye. Lakini ukisema mtu amejitoa mhanga umemsifu: ameitoa nafsi yake kwa hiari ili wengine wapone.

Sifa hiyo inakaa vizuri katika vita vya mkuki na ngao, ambamo mpiganaji alimwona adui usoni na wenzake wakamwona yeye. Tarehe 30 Agosti 1905, Wapogoro na Wambunga waliliendea boma la Wajerumani kule Mahenge wakiamini kwamba dawa ya maji ingezishinda risasi. Bombomu, yaani bunduki za rashasha, zikawafyeka kabla mikuki yao haijafika popote, na jasiri na mwoga wakaanguka pamoja. Hao walijitoa, hapana shaka. Mabomu ya ndege yalipokuja, hata kule kusonga mbele kukaondoka, kwani bomu humfuata mtu nyumbani kwake, na -ji- ikakosa wa kumshika.

Marubani wa Japani walioanza Oktoba 1944 kujibamiza pamoja na ndege zao kwenye manowari za Marekani nakubali waitwe waliojitoa mhanga, ingawa hiari ya baadhi yao ina mjadala, maana waliyemkabili alikuwa askari mwenye mizinga. Wa sokoni simpi neno hilo. Mwite “aliyejilipua”: -ji- imo, kwa sababu kitendo ni chake, ila sifa haimo. Waliokufa waite “waliouawa”, walioumia “majeruhi”, waliopona “manusura”. Nami “waathirika” humwachia aliyepoteza ndugu au kibanda chake cha biashara.