Maziwa hayaondoi moshi mwilini

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni askari wa zimamoto Kanda ya Ziwa, huu ni mwaka wa kumi na moja kazini. Tumesikia kwamba kazi yetu sasa imetajwa rasmi kuwa inasababisha saratani. Kikosini kwetu, tukitoka kwenye moto mkubwa tunapewa pakiti ya maziwa ya kuondoa sumu. Juzi amekuja mtu wa tiba asilia anatuuzia unga wa kusafisha mapafu na damu, dozi ya mwezi mzima, na wenzangu watatu wameshaanza kuutumia. Je, maziwa na unga huo vinatosha, au kuna cha kuongeza? Mitungi ya hewa tunayo michache, wanaipata wanaoingia ndani tu.

JIBU: Marahaba, afande. Mlichosikia ni kweli. Mwaka 2022 shirika la utafiti wa saratani la Shirika la Afya Duniani, IARC, liliiweka kazi ya kuzima moto katika kundi la 1, la mambo yaliyothibitika kusababisha saratani, pamoja na asbesto na moshi wa sigara. Kabla ya hapo ilikuwa kundi la 2B, yaani la mambo yanayoshukiwa. Saratani zilizothibitika ni mbili: ya kibofu cha mkojo, na mesothelioma, ambayo mara nyingi hushika utando unaozunguka mapafu. Zipo nyingine, kama ya tezi dume, ya korodani na ya utumbo mpana, ambazo ushahidi wake bado haujakamilika. Msitishike kupita kiasi, kwa sababu kundi hilo linaeleza uhakika wa ushahidi, haliwaambii ni wangapi kati yenu wataugua. Huko Marekani walifuatiliwa askari karibu 30,000 wa Chicago, Philadelphia na San Francisco, kuanzia 1950 hadi 2009. Waligundulika na saratani kwa asilimia 9 zaidi ya wananchi wengine, na waliokufa kwa saratani walizidi kwa asilimia 14. Hatari ipo, na inaweza kupunguzwa kwa vitu vya kawaida kabisa.

Maziwa hayamo katika vitu hivyo. Suala hili naulizwa karibu kila wiki, na mafundi rangi, wachomeleaji, vijana wa machimboni, wauza mafuta vituoni, na linanikera kwa sababu limekuwa kisingizio. Moshi unaingia kwenye mapafu na kutoka hapo unaingia kwenye damu ndani ya muda mfupi sana. Maziwa yanakwenda tumboni, yanasagwa kama chakula kingine chochote. Hakuna mahali ambapo maziwa hukutana na benzini, mojawapo ya sumu za moshi, iliyokwisha kuingia kwenye damu na kuitoa. Koo lililokauka kwa moshi hupata nafuu ukinywa kitu laini na cha baridi, na nafuu hiyo ndiyo inayoifanya imani hii isife.

Tena nimeona inavyofanyika. Moto umezimwa, askari amevua glavu, vidole vyeusi tii kwa masizi. Anapewa pakiti, anaing'ata pembe kwa meno, anainyonya hadi mwisho, kisha anafuta mdomo kwa mkono wa koti. Masizi yaliyokuwa kwenye vidole na kwenye koti yameshuka na maziwa. Kabla ya kupewa pakiti ile alikuwa ameyavuta tu, sasa ameyala.

Lakini kosa kubwa zaidi ni kuamini kwamba moshi una mlango mmoja wa kuingilia. Vitu vinavyoungua, hasa plastiki, magodoro ya sponji, rangi na nyaya, hutoa kemikali za jamii iitwayo PAH, ambazo baadhi yake husababisha saratani, zinazoganda kwenye masizi, na masizi hayo hukaa kwenye ngozi. Ngozi ya shingo, ya chini ya taya, ya viganja na ya kinena huzipitisha, na mwili ukiwa na joto na jasho huzipitisha haraka zaidi. Watafiti wa Marekani waliwapima askari waliovaa barakoa na mitungi ya hewa muda wote wa zoezi, bila kuvuta hata pumzi moja ya moshi, na bado mabaki ya PAH yaliongezeka kwenye mikojo yao. Yalipitia ngozini. Vinywaji haviwezi kulizuia hilo. Kinachosaidia ni maji na sabuni, mapema, pale pale kwenye tukio.

Nieleze namna, kwa sababu wengi hufanya nusu. Ukitoka ndani, usivue barakoa. Mwenzako aliyevaa glavu akumwagie maji kidogo kwa mpira, akusugue kwa brashi laini na maji ya sabuni ya kawaida ya kuoshea vyombo, kuanzia kwenye helmeti na mabega kushuka hadi kwenye buti, kisha akusuuze. Hapo ndipo unavua. Matokeo ya vipimo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba kuosha hivyo kuliondoa kama asilimia 85 ya PAH kwenye nguo, wakati kupiga brashi kavu kuliondoa asilimia 23 tu. Ukishavua, chukua tishu zenye unyevu, zile za watoto, ufute shingo, uso, nyuma ya masikio na mikono. Katika utafiti huo huo, kufuta shingo peke yake kulipunguza uchafu wake kwa zaidi ya nusu. Baada ya hapo kunywa maji, au hayo maziwa ukiyapenda, kwa mikono safi. Ukifika kituoni oga mwili mzima usingoje zamu iishe.

Najua kuna ugumu mmoja ambao si wa vifaa. Koti lililoungua na kunuka moshi linaonekana ni ushahidi wa ushujaa, na askari mgeni mwenye koti safi huchekwa. Uswidi nako ilikuwa hivyo, hadi askari wa mji wa Skellefteå walipoanza utaratibu wa kufunga nguo chafu kwenye mifuko pale pale kwenye tukio na kurudi kituoni wamevaa nguo nyingine. Leo vikosi vya nchi nyingi vinauiga. Ninyi mnaweza kuanza na mifuko mikubwa ya nailoni. Nguo chafu isipande kwenye kabini ya gari, isitundikwe mnapolala, na isifuliwe nyumbani kwenye beseni moja na nguo za watoto. Na gari la moto lisiachwe likinguruma ndani ya banda, maana moshi wa dizeli nao umo kwenye kundi la 1 tangu 2012.

Kuhusu mitungi michache. Umesema wanaipata wanaoingia ndani, nami nauliza: miali ikishazimika, nani anayo? Wakati wa kufukua mabaki ndipo barakoa huvuliwa, kwa sababu macho hayaoni moshi mwingi. Mabaki yanayofuka bila miali yanaendelea kutoa benzini na fomaldihaidi. Jengo la zamani lenye paa au dari ya asbesto, likishapasuka kwa joto na kuvunjwa kwa mashoka, hutoa nyuzi zisizoonekana kabisa, na hizo ndizo chanzo kikuu cha mesothelioma. Kwa hiyo, kama mitungi ni minne, wanaofukua wasizidi wanne. Wengine wakae upande unaotoka upepo. Lowesheni mabaki, fungueni madirisha, acheni papoe ndipo mfukue, hakuna maisha ya kuokoa tena pale. Barakoa za kitambaa, hata zile nzuri za hospitali, hazizuii gesi, msidanganyane.

Sasa huo unga. Huyo bwana anawauzia kitu asichoweza kukipima. Mesothelioma huchukua miaka 20 hadi 40 tangu mtu avute zile nyuzi hadi augue. Mwenzako akitumia dozi ya mwezi akasema anajisikia mwepesi, hiyo inathibitisha nini? Hakuna, na muuzaji anajua kwamba ifikapo siku ya kuulizwa hatakuwepo. Mbaya zaidi, mmea kuwa wa asili hauuzuii kuwa sumu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mjini Brussels, Ubelgiji, zaidi ya wanawake 100 waliharibika figo baada ya kupewa vidonge vya mitishamba vya kupunguza uzito, vilivyokuwa na mmea wa jamii ya Aristolochia. Miaka iliyofuata baadhi yao walipata saratani ya njia ya mkojo. Yaani walinunua kwa fedha zao saratani ya jamii ile ile mnayojaribu kuikimbia. Sisemi unga wenu una mmea huo. Nasema hakuna kati yenu anayejua una nini, na figo zenu tayari zina kazi ya kutosha. Wenzako watatu waache leo, na kama mmoja macho yamekuwa ya njano au mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi, aende hospitali na kopo lenyewe.

Na kwa kuwa uko Kanda ya Ziwa, kuna jambo lazima nilisisitize. Huko mtu akikojoa damu, jibu la kwanza la kila mtu ni kichocho, anameza dawa, damu inakoma, anasahau. Kichocho kipo, ni kweli, na kichocho cha mkojo chenyewe kinaweza kuleta saratani ya kibofu. Lakini damu ya saratani ya kibofu nayo huja bila maumivu na hukoma yenyewe kwa wiki au miezi. Askari wa zimamoto aliyeona damu kwenye mkojo hata mara moja anatakiwa kupimwa mkojo, kupigwa picha ya kibofu, na ikibidi kuangaliwa kwa kamera. Mweleze daktari kazi yako na miaka yako kazini, asipouliza mwambie. Hospitali ya Bugando, Mwanza, wanaweza kukupima. Kama unavuta sigara, hilo ni la kuacha kabla ya yote niliyoandika hapa, kwa kuwa hakuna kinacholeta saratani ya kibofu kuliko sigara.

Nawaandikia pia wale wasio wazimamoto, ambao najua wanasoma wakitikisa kichwa. Mwajiri anayewapa mafundi rangi maziwa kila Ijumaa badala ya kufungua madirisha na kununua barakoa zenye vichujio vya kemikali hajawalinda. Mwenye karakana anayempa mchomeleaji nusu lita badala ya feni ya kutoa moshi hajamlinda. Maziwa yanapoandikwa kwenye bajeti kama kifaa cha usalama, kifaa chenyewe hakinunuliwi, na mfanyakazi anaacha kukidai kwa sababu anaamini ameshakinywa. Afande, nenda kwa mkuu wako wa kituo na hesabu ya pakiti mnazokunywa kwa mwaka. Muombe kiasi hicho hicho kinunue ndoo, brashi, sabuni, tishu na mifuko, vipakiwe kwenye gari la kwanza kutoka.