Kabla Hujanunua Chupa Nyingine ya Vidonge vya Bakteria

Juzi msomaji wa miaka 22 aliniandikia: "Dada, nasikia unene wangu unatokana na bakteria wa tumboni. Ninunue vidonge gani?" Niliusoma ujumbe ule mara tatu. Miaka sita iliyopita ungeweza kuandikwa na mimi.

Nilikuwa na miaka 24 na kilo 91. Nilikuwa nikiishi chumba kimoja na rafiki yangu, tunakula sahani moja, yeye haongezeki, mimi kila mwezi natafuta suruali kubwa zaidi. Nilipokwenda kwa daktari hakuuliza nakula nini wala nalala saa ngapi. Alinitazama tu akasema, "Wewe funga mdomo." Mpaka leo neno lile linaniuma.

Basi niliposoma habari za panya wa mtafiti Jeffrey Gordon na wenzake wa Washington University, St. Louis, Marekani, machozi yalinitoka. Mwaka 2004 walichukua panya waliokuzwa bila bakteria hata mmoja, wakawapandikizia bakteria wa panya wa kawaida. Ndani ya siku 14 mafuta ya miili yao yalipanda kwa karibu asilimia 60, na walikuwa wakila kidogo kuliko awali! Mwaka 2013 maabara hiyohiyo ikatumia bakteria wa mapacha wa kibinadamu, mmoja mnene na mwenzake mwembamba. Panya waliopewa wa pacha mnene ndio walioongeza mafuta zaidi. Nikajiambia, kumbe si mdomo wangu peke yake.

Hapo ndipo nilipopotea. Miezi minane nilimeza vidonge vya bakteria huku soda na chipsi za usiku wa manane zikiendelea kama kawaida. Mizani haikusogea. Utafiti ule wa mapacha ulikuwa na sehemu ya pili ambayo sikuisoma: panya wa kundi la unene walipowekwa kizimba kimoja na wa kundi la wembamba, bakteria wa wembamba waliwahamia na kuwakinga, lakini pale tu chakula kilipokuwa na mafuta machache na matunda na mboga kwa wingi. Chakula kilipokuwa kibaya, wageni wale hawakushika. Hata kule New Zealand, vijana 87 wanene wa miaka 14 hadi 18 waligawanywa, wengine wakapewa vidonge vyenye bakteria wa watu wembamba, wengine vidonge vitupu visivyo na bakteria hao. Baada ya wiki sita uwiano wao wa uzito na urefu haukutofautiana.

Bakteria wanataka kulishwa, ndugu zangu! Nyuzinyuzi tusizoweza kumeng'enya wenyewe ndizo chakula chao, na kutokana nazo wanatengeneza asidi kama butireti, inayolisha seli za utumbo mpana, na nyingine zinazochochea homoni za shibe. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku. Mimi nilikuwa mbali sana na hapo.

Nilianza kwa pupa, tumbo likajaa gesi wiki nzima, kwa hiyo wewe anza taratibu. Maharage, dengu, matunda, mboga, nafaka isiyokobolewa. Antibiotiki usimeze bila daktari kukuandikia, maana zinaua hata bakteria unaowahitaji. Kisha maharage tena, na dengu tena. Kwa mwaka mmoja na miezi miwili nilipungua kilo 13. Sidai kwamba bakteria ndio waliofanya yote. Soda niliiacha na kutembea nilitembea. Lakini njaa ya saa tano usiku, ile iliyonitesa tangu sekondari, ilikuwa ya kwanza kuondoka.

Mdogo wangu uliyeniandikia, hukosei kuamini kwamba si uzembe. Ila hela ya vidonge iweke kwanza. Wiki hii ongeza kikombe kimoja cha dengu kwa siku, maji ya kutosha, kisha uniandikie tumbo limepokeaje.