Mashuti 39 kwa 16, na bado wakafungwa

Kwa miaka mingi nilifuatilia hoki ya barafuni ya kimataifa kivivu. Mechi ikinipita, nafungua takwimu, naangalia mashuti yaliyolenga lango, natoa hukumu: aliyepiga mengi ndiye aliyecheza, na akifungwa basi bahati haikuwa yake. Kuna mechi niliwahi kuibishania hadi usiku wa manane na rafiki aliyeitazama, mimi nimeisoma tu. Alinicheka mwezi mzima.

Kilichonizindua ni mechi ya zamani, Olimpiki ya majira ya baridi ya Lake Placid, Marekani, Februari 1980. Wasovieti walipiga mashuti 39, Wamarekani 16, Marekani ikashinda 4-3. Ni kweli kipa wa Marekani, Jim Craig, alisimama kama ukuta. Lakini zigawe namba hizo kwa vipindi: 18 kwa 8, halafu 12 kwa 2, halafu 9 kwa 6. Katika kipindi cha pili Wamarekani walibanwa hadi huruma, ila walikimaliza wakiwa nyuma kwa bao moja tu. Cha tatu pengo lilishapungua sana, na ndipo Mark Johnson na Mike Eruzione wa Marekani walipofunga. Ukishika ile 39 peke yake, hilo hulioni. Tangu hapo sisomi jumla kabla ya vipindi, nawe nakushauri hivyo hivyo.

Pili, tafuta daftari. Nachora lango, na kila shuti natia nukta pale lilipopigiwa. Nukta za karibu, katikati ya lango, ndizo zinazomtoa kipa jasho. Za pembeni kabisa, tena akiwa anamwona mpigaji vizuri, nyingi ni mazoezi tu kwake. Akiwa amezibwa macho na miili mbele yake, nukta naizungushia duara, maana hata shuti la mbali hapo ni hatari. Utashangaa timu yenye mashuti 35 ina duara mbili.

Na kuna yasiyohesabiwa kabisa. Kisahani, yaani kile kinachopigwa badala ya mpira, kikigonga mwamba na kurudi uwanjani, hilo si shuti lililolenga lango. Beki akilizuia kwa mwili, pia si hesabu. Timu inaweza kugonga mwamba mara tatu na karatasi ya takwimu ikanyamaza. (Hili lilinichukua muda kulikubali.)

Angalia pia nani anaongoza. Mwenye bao mkononi hurudi nyuma, anamwachia mwenzake apige kutoka mbali. Mashuti ya dakika za mwisho mara nyingi ni ya kukata tamaa.

Usigeuke ukawa mdharau namba, lakini. Kwenye Olimpiki ya 2002 kule Salt Lake City, Vladimir Kopat wa Belarusi alipiga kutoka mbali sana, kisahani kikamgonga kichwani kipa wa Sweden, Tommy Salo, kikadondokea ndani. Sweden ikatoka robo fainali kwa 4-3. Kwenye hesabu, hilo ni shuti moja kama mengine. Daftari langu nalo lingeliita nukta ya kupuuza.

Halafu Olimpiki ya Sochi 2014, Kanada na Latvia: mashuti 57 kwa 16, Kanada ikashinda 2-1. Kipa wa Latvia, Kristers Gudlevskis, aliokoa 55. Wengi waliona Kanada imehangaika. Mimi niliirudia mechi nikiwa na kalamu, na nukta zilijaa mbele ya lango la Latvia hadi mchoro ukapotea. Siku hiyo karatasi na macho yangu havikugombana.