Mafuta ghafi si mafuta machafu

SWALI: Msomaji aliyeko Tanga, ambaye kazi yake ni kuandika vipeperushi vya mazingira kwa wananchi, ametuletea sentensi hii: “Kiwanda husafisha mafuta machafu ili yapatikane mafuta safi yanayotakiwa na kanuni za mazingira.” Mhariri wake ameikataa, akidai kwamba mafuta yatokayo ardhini si machafu na kwa hiyo hayasafishwi. Msomaji anauliza ni nani mwenye haki, na pia kama tuandike “kiwanda cha kusafisha mafuta” au “kiwanda cha kusafishia mafuta”.

JIBU: Mhariri ana haki kuhusu “machafu”, lakini hana haki kuhusu “kusafisha”. Mafuta yanayotoka kisimani huitwa mafuta ghafi, na ghafi ni kitu ambacho hakijafanyiwa kazi, au jumla ambayo haijapunguzwa chochote, ndiyo maana wahasibu husema pato ghafi na uzito ghafi bila kumshutumu mtu kwa uchafu. Aliyeandika “machafu” amelichukulia neno ghafi kuwa ni kinyume cha safi, na hapo ndipo alipoteleza.

Kitenzi kusafisha, kwa upande wake, hakidai kwamba kitu kilikuwa na taka. Wapiga picha walisafisha picha miaka yote ya filamu, na dhahabu husafishwa hadi leo. Kiwanda cha Changamwe, Mombasa, kilichoanza kazi mwaka 1963, kimejulikana muda wote huo kuwa ni kiwanda cha kusafisha mafuta, na vivyo hivyo kile cha kampuni ya TIPER kilichoko Kigamboni, Dar es Salaam, ambacho siku hizi kinahifadhi tu mafuta yaliyokwisha kusafishwa kwingine. Wapo wanaopendelea kuchakata, neno linalozidi kuenea katika habari za gesi asilia, na sina ugomvi nalo. Lakini jina ambalo watu wamelizoea kwa miongo sita halina sababu ya kung'olewa.

Tatizo la sentensi hii, kwa maoni yangu, ni kwamba kitenzi kimoja kimebebeshwa kazi tatu zisizofanana. Kazi ya kwanza ni kukeneka: mafuta ghafi hupashwa moto hadi kiasi cha nyuzi 350 za Selsiasi, mvuke hupanda ndani ya mnara mrefu, na kila sehemu hugeuka kuwa kioevu kwenye kimo chake, petroli juu, mafuta ya taa na dizeli katikati, huku mafuta mazito na lami yakibaki chini. Hapo hakuna kilichotakaswa. Vitu vilivyokuwa pamoja vimetenganishwa tu, na salfa, kemikali ya asili iliyokuwamo katika mafuta ghafi, bado imo. Kazi ya pili ni kuvunja molekuli kubwa za mafuta mazito ili zitoe petroli na dizeli zaidi. Changamwe haikuwa na mtambo wa kazi hiyo, kwa hiyo sehemu kubwa ya mafuta yake ilitoka ikiwa mafuta mazito yenye bei ndogo, na mwaka 2013 kiwanda kikaacha kusafisha.

Kazi ya tatu ndiyo inayogusa kanuni za mazingira, nayo ni kuondoa salfa. Dizeli huchanganywa na gesi ya haidrojeni, ikapitishwa kwenye kichocheo, yaani kitu kinachorahisisha badiliko la kikemia, katika joto la nyuzi 300 hadi 400 na mgandamizo mkubwa. Salfa huachana na dizeli, ikashikamana na haidrojeni na kuwa gesi yenye sumu inayonuka kama mayai viza, na kutokana na gesi hiyo hupatikana salfa ngumu ya manjano ambayo viwanda vya mbolea huinunua. Katika Kiswahili cha zamani salfa iliitwa kiberiti, lakini msomaji wa leo akikuta “dizeli isiyo na kiberiti” atafikiria njiti. Risasi, jina la madini na pia la kitu kinachofyatuliwa na bunduki, nayo ina utata wa aina hiyo, kwa hiyo petroli ambayo nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha kuiuza kufikia mwaka 2006 ni afadhali iitwe petroli yenye madini ya risasi.

Sasa tazama maneno “mafuta safi”. Kanuni haziamrishi usafi, zinaamrisha kiwango. Tangu Januari 2015, dizeli katika nchi tano zilizokuwa wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wakati huo inatakiwa isizidi sehemu 50 za salfa katika milioni, yaani miligramu 50 kwa kila kilo. Kwa meli, kanuni ya IMO, shirika la Umoja wa Mataifa linalosimamia usafiri wa baharini, iliyoanza tarehe 1 Januari 2020 ilishusha kikomo kutoka asilimia 3.5 hadi asilimia 0.5. Magazeti yaliyaita mafuta hayo yote “safi”. Lakini asilimia 0.5 ni sehemu 5,000 katika milioni, mara 100 ya kile kinachoruhusiwa kwenye dizeli ya gari, na yote mawili yakiungua hutoa hewa ukaa kama kawaida. Neno linaloficha tofauti ya mara 100 halifai katika kipeperushi kinachomweleza mwananchi sheria.

Kwa hiyo ningeandika: “Kiwanda hutenganisha mafuta ghafi, kisha huondoa salfa katika dizeli hadi ifikie kiwango kinachotakiwa na kanuni za mazingira.” Nimechagua kutenganisha kwa sababu kukeneka, ingawa ni neno sahihi, wengi hawalijui, katika kitabu cha kemia ningelitumia bila kusita.

Kuhusu kusafisha na kusafishia, yote mawili ni sanifu. La kwanza hutaja kazi ya kiwanda, nalo ndilo lililozoeleka katika majina. La pili, lililo katika kauli ya kutendea, hutaja mahali au chombo, kama tusemavyo kisu cha kukatia nyama. Tofauti huwa na maana zaidi unaposhuka kwenye sehemu za mtambo: kichocheo tulichokitaja ni cha kuondolea salfa, si cha kuondoa, kwa kuwa inayoichukua salfa ni haidrojeni, na kichocheo hurahisisha tu kazi hiyo.