Mto wa Mbu hadi Ngare Sero kwa baiskeli: msiende siku moja

Ndugu, umeniandikia kuhusu safari yenu ya baiskeli kutoka Mto wa Mbu hadi Ngare Sero, kijiji kilicho karibu na Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania. Kwamba nyote wanne mna mazoezi ya lami nimeelewa, lakini kwenda huko kwa siku moja, tena Desemba, nakusihi mbadilishe. Ni zaidi ya kilomita 100 za vumbi, mawe na mchanga wa volkano, na mvua za vuli zikinyesha makorongo hujaa maji ghafla. Nendeni kati ya Juni na Septemba, mlale Engaruka, kijiji cha njiani.

Kinachowatesa wengi ni miiba ya migunga. Wekeni dawa ya kuziba pancha ndani ya matairi, na kila mmoja abebe tyubu mbili, viraka na pampu yake. Pampu moja ya kundi zima haifai, mtaachana njiani. Kwenye mchanga punguzeni upepo wa matairi.

Maji jazeni Engaruka, angalau lita sita kila mtu. Ziwa Natron ni la magadi, halinyweki. Jiandaeni pia kulipa ada kwenye mageti ya njiani.

Mwenye mwendo mdogo atangulie. Na kubalianeni leo, kabla ya safari: mmoja akizidiwa na jua, wote mnasimama.